Gitaa la nailoni lililolika daraja: kabla hujaling'oa

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi karibu na Maseno ameniandikia: "Baba alituachia gitaa la nyuzi za nailoni alilokuwa akifundishia kwaya kanisani. Lina zaidi ya miaka thelathini, na sasa tunalitundika ukutani sebuleni. Matundu ya kupitishia nyuzi kwenye daraja yamelika kuelekea juu, na pale nyuzi zinapofungwa pamechimbika mifereji. Uzi wa nne na wa sita zinalia kama nzi aliyefungiwa chupani. Fundi mmoja wa soko la Kibuye anasema ang'oe daraja atengeneze jipya. Mwingine anasema apige skrubu mbili tu, kazi iishe. Nimfuate nani? Na ni kweli daraja ndilo linaloharibu sauti?" Ameambatanisha picha tatu.

Mwalimu, kwa sasa usimfuate hata mmoja. Wa skrubu mkimbie kabisa, na sababu nitakupa huko chini. Wa kung'oa huenda ni fundi mzuri wa mbao, ila anataka kupasua mgonjwa ambaye hajamgusa hata paji la uso. Picha zako nimezikuza mpaka zikaanza kupasuka. Daraja limelika, hilo halina ubishi. Lakini kulika si kufa, na karibu kila unachokiona pale kinaweza kutibiwa daraja likiwa limekaa palepale baba alipoliacha.

Kwanza tuelewane majina. Daraja, ambalo mafundi wengi huliita briji, ni ule ubao mweusi uliogundishwa kwenye uso wa gitaa. Juu yake kuna kipande cheupe kilichosimama ndani ya mfereji, ambacho nyuzi hukikanyaga. Hicho nitakiita mfupa, hata kama chako ni cha plastiki, na kwa rangi yake nadhani ni plastiki. Nyuma ya mfupa kuna kituta chenye matundu sita ambamo nyuzi hupita na kufungwa. Hicho nitakiita tuta.

Sasa angalia uzi unavyopita. Unatoka kwenye mfupa, unateremka kuingia kwenye tundu la tuta, unatokea nyuma, unapanda juu ya tuta, unajizungusha, unabanwa na mvuto wake wenyewe. Kila kona kati ya hizo ni mahali mbao inaposagwa. Nyuzi tatu nyembamba ni nailoni tupu, hazina ukali mwingi. Tatu nene ni habari nyingine: ndani zina nyuzinyuzi laini za nailoni, nje zimezungushiwa waya wa shaba uliopakwa fedha. Ukizipapasa kwa ukucha utasikia mikwaruzo midogomidogo, kama meno ya tupa. Na ni tupa kweli. Kila Jumapili baba alipokaza uzi wa sita, ule mnene kuliko zote, kabla ya ibada, ule waya ulisogea labda milimita moja ndani ya tundu. Milimita moja ya tupa, mara Jumapili zote za miaka thelathini.

Ubaya ni kwamba uzi hausagi tundu pande zote sawa. Kwa kuwa unatoka kwenye tundu ukielekea juu kwenye mfupa, unalalia ukingo wa juu wa mdomo wa tundu. Hapo ndipo unapokata. Tundu lililokuwa duara linakuwa kama tone la maji lililogeuzwa, ncha juu. Na kadiri ncha inavyopanda, uzi nao unapanda, ule mteremko kati ya mfupa na tuta unapungua, mpaka uzi unakaribia kulala tambarare juu ya mfupa. Uzi usiobonyezwa vizuri kwenye mfupa hauna mahali thabiti pa kuanzia kutetemeka. Unachezacheza pembeni, unagongagonga. Ndiye nzi wako huyo.

Lakini usiamini maneno yangu, jaribu. Piga uzi wa sita ukiwa wazi, bila kubonyeza freti yoyote (vile vyuma vilivyolazwa kukatiza shingo), na kwa kidole cha mkono mwingine ukandamize uzi huohuo chini, pale kati ya mfupa na tuta. Nafasi ni ndogo, tumia ncha ya kidole au mpini wa kijiko cha chai. Nzi akinyamaza, mteremko ndio kesi. Akiendelea, bonyeza freti ya kwanza upige tena: akinyamaza hapo, tatizo liko kule mwisho wa shingo, kwenye kile kipande chenye vijia kabla ya kichwa, na daraja linasingiziwa. Fanya hivyo hivyo kwa uzi wa nne. Huo wa nne, kwa njia, ndio mwembamba kuliko wenzake wa waya na ndio hukatika mapema katika gitaa za aina hii, kwa hiyo huenda nao umechakaa tu. Usipime chochote kwa nyuzi kuukuu. Nunua seti moja mpya ya nailoni kwanza.

Kipimo cha pili ni cha karatasi. Chukua karatasi nyembamba ya daftari, uisukume taratibu chini ya daraja kutoka nyuma, upande wa kitako cha gitaa, kuanzia kona moja mpaka nyingine. Ikigoma kila mahali, daraja limeshika. Ikiingia milimita moja au mbili kwenye kona, weka alama kwa penseli, andika tarehe, upime tena baada ya mwezi. Ikizama zaidi ya hapo, hasa katikati, legeza nyuzi zote leo hii na usizikaze tena mpaka litazamwe na mtu. Katika picha yako ya tatu naona kivuli chembamba kwenye kona ya upande wa uzi wa kwanza. Kinaweza kuwa vumbi lililogandamana na vanishi. Kinaweza pia kuwa nafasi. Karatasi itasema.

Kwa nini nakazia karatasi kuliko matundu? Kwa sababu daraja la gitaa la nailoni halishikwi na kitu chochote isipokuwa gundi. Nyuzi sita zikikazwa sawasawa zinavuta kwa jumla karibu kilo 40, mchana na usiku, hata gitaa likiwa limelala kwenye begi. Ni kama kufunga gunia la mahindi la nusu kwenye ubao wa unene wa milimita mbili na kitu, ubao laini wa msonobari, unaozuiwa usipinde na vibanzi vyembamba vilivyogundishwa kwa ndani kama vidole vya mkono uliofunguka. Mpangilio huo wa vibanzi ulikamilishwa na fundi Mhispania, Antonio de Torres, katika karne ya 19, na karibu kila gitaa la aina yako linaufuata mpaka leo. Yeye hakukusudia skrubu. Skrubu inapita katikati ya mbao laini, inabana nukta mbili tu, huku upande wa nyuma wa daraja ukiendelea kunyanyuka kila siku. Mwishowe haling'oki daraja peke yake. Linang'oka na kipande cha uso. Na uzito wa chuma pale kwenye uso unaua sauti kabla ya hapo.

Hapo hapo kwenye picha ya pili kuna kitu kimenifanya nitabasamu, nadhani kinamhusu baba. Mifereji mingi juu ya tuta lako ni mipana na inang'aa, umbo la nusu duara, ndivyo nailoni inavyochimba. Lakini pembeni ya mfereji wa uzi wa kwanza na wa pili kuna mikato mingine, myembamba kama ya wembe, umbo la V. Nailoni haiachi alama hiyo. Kuna wakati gitaa hili lilivishwa nyuzi za chuma. Simlaumu aliyefanya hivyo. Huko kwenu magharibi mwa Kenya masikio yamelelewa na gitaa la chuma. Omutibo, ule mtindo wa gitaa wa huko kwenu, aliyoipiga marehemu George Mukabi, aliyefariki 1963, huwezi kuipata sawasawa kwenye nailoni, ule mlio wa kengele haumo. Na duka likikosa nailoni, mtu hufunga alichopata. Nimeona hata waya wa breki ya baiskeli. Tatizo ni kwamba seti ya chuma huvuta kilo 70 na zaidi. Kwa hiyo sehemu ya maradhi unayoyaona huenda ni ya miezi michache tu ya chuma, si ya miaka yote ya kwaya. Mwambie kila atakayeligusa: nailoni tu.

Tuje kwenye tiba. Naanza na ile ambayo haihitaji fundi.

Toa nyuzi, si zote kwa mpigo, bali moja baada ya nyingine, ili uso usishtuke. Tafuta kadi ya benki iliyokwisha muda. Kata ukanda mwembamba wenye urefu wa tuta na upana wa sehemu yake ya juu, lainisha kingo kwa msasa, uulaze juu ya tuta chini ya vitanzi vya nyuzi. Kila kitanzi sasa kinakaa kwenye plastiki ngumu, hakiendelei kuchimba mbao. Haipendezi machoni, nakubali, lakini mbao inapumzika. Baadaye fundi akitengeneza ukanda wa mfupa wa ng'ombe wa umbo hilohilo na kuugundisha kwenye ukingo wa nyuma, utapendeza pia. Gitaa za gharama hutoka kiwandani na ukanda kama huo.

Dawa ninayoipenda zaidi ni shanga. Ndiyo, shanga hizi hizi, mradi ziwe ngumu, zisizo na ncha kali ndani ya tundu, na kubwa kiasi cha kutopenya kwenye tundu la tuta. Badala ya kuuzungusha uzi juu ya tuta, unaupitisha kwenye tundu, unauvisha ushanga upande wa nyuma, unaupiga fundo la nane, si fundo la kawaida, unavuta mpaka ushanga ukae kwenye mdomo wa nyuma. Kwa nyuzi za nailoni tupu acha mkia wa sentimita moja na urudie fundo, maana nailoni huteleza. Uzi wa kwanza ukichomoka huruka kama kombeo na kuacha kovu kwenye uso. Wewe tayari unalo kovu moja nyuma ya daraja, ndogo, kama alama ya ukucha. Weka kipande cha kadibodi hapo unapokaza.

Faida ya shanga ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kitanzi cha kawaida kinauvuta uzi juu pale mbele ya tuta, unapoingia kwenye tundu, na hivyo kupunguza mteremko. Ushanga hauvuti juu. Uzi unabaki chini, mteremko kuelekea mfupa unarudi kuwa mkali. Nimeona gitaa zilizokuwa zikivuma kama redio yenye betri dhaifu zikinyamaza kwa shanga sita tu, bila tone la gundi.

Ila kwa tundu lako la sita na la nne, ncha zimepanda mno. Nadhani zimebakiza milimita mbili kufika juu. Hizo zizibwe. Kazi hii fundi wa Kibuye anaiweza vizuri akikubali kuifanya polepole. Afunike uso kwa kadibodi na utepe. Apate unga wa mpingo, vumbi la msasa tu linatosha, kutoka kwa wachongaji. Mpingo una undugu wa karibu na mbao nyeusi zinazotengenezewa madaraja ya gitaa, unashika rangi na ugumu uleule. Ajaze unga kwenye ile ncha iliyolika, adondoshe tone moja la supagluu nyepesi, asubiri, arudie mpaka ijae. Kisha atoboe upya kwa biti ya milimita 1.5, kutoka nyuma, mkono ukiwa sambamba na uso wa gitaa, si ukielekea chini. Uzi wa sita una unene wa milimita 1.1 hivi, tundu hilo linatosha. Asitumie njiti za meno, ni laini mno. Na asichome tundu kwa spoki ya baiskeli iliyotiwa moto. Najua ni njia ya haraka, na mimi nilianza nayo, lakini mbao iliyoungua inakuwa makaa, na makaa yanakatika kuliko ile mbao iliyolika.

Sasa mfupa, na hapa ndipo nadhani siri ya gitaa lako ilipo. Katika picha ya kwanza, iliyopigwa ubavuni, ule mfupa umechomoza juu ya mbao kwa milimita moja tu, labda moja na nusu. Hauzaliwi hivyo. Mtu aliukwangua. Ninaweza kukisia ilivyokuwa: gitaa lilizeeka, shingo ikavutwa mbele kidogo, uso ukafura kidogo nyuma ya daraja, nyuzi zikapanda juu ya freti, vidole vikauma. Fundi akaambiwa nyuzi ziko juu, akakwangua mfupa. Vidole vikapona, mteremko ukafa. Tundu lililolika na mfupa uliokwanguliwa wanakutana katikati, na hapo uzi hauna tena pa kuteremkia.

Kwa hiyo kabla ya kutengeneza mfupa mpya, pima. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, kadi nne zikibebana ni milimita 3, tano ni karibu 4. Gitaa likiwa limekazwa sawasawa, ingiza kadi chini ya uzi wa kwanza kwenye freti ya 12, zikae juu ya chuma cha freti, uone ngapi zinaingia bila kuusukuma uzi. Kisha uzi wa sita. Gitaa lenye afya lina kadi nne upande wa kwanza na tano, tano na kitu, upande wa sita. Ukipata chini ya hapo, furahi: una nafasi ya kuinua mfupa. Kila milimita 2 unazoongeza kwenye mfupa zinaongeza milimita 1 kwenye freti ya 12, kwa sababu freti hiyo iko katikati ya uzi. Ukipata kadi sita au saba, na mfupa ukiwa tayari umekwanguliwa hivyo, basi gitaa limepinda, na hapo hata daraja jipya la mpingo mtupu halitasaidia kitu.

Mfupa wenyewe hauhitaji kuagizwa kutoka mbali. Muombe muuza nyama kipande cha mguu wa ng'ombe, sehemu iliyonyooka. Kwangua nyama, chemsha kwa muda mfupi, toa uboho, loweka siku kadhaa kwenye maji ya sabuni ya kuoshea vyombo ukibadilisha kila siku mpaka mafuta yaache kuelea, kisha ukaushe kivulini wiki mbili tatu. Usiuanike juani, utapasuka. Fundi ataukata kwa msumeno wa chuma na kuusugua kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo. Uingie kwenye mfereji kwa kusukumwa kidole, usicheze wala usilazimishwe. Chini uwe tambarare kabisa: usimamishe juu ya kioo, tazama dhidi ya mwanga, pasiwe na mwanya. Ukipunguzwa, upunguzwe kutoka chini. Na usigundishwe kamwe. Siku moja utahitaji kutoka.

Nimekuambia usikimbilie kung'oa, na sina budi kusema nililijifunza wapi. Miaka yangu ya mwanzo hapa Nakuru niliwahi kuletewa gitaa la kwaya lenye matundu kama yako. Nikataka kuonyesha ujuzi. Nikapasha kisu moto, nikakipenyeza chini ya daraja, nikasikia gundi ikiachia, tak, tak, nikafurahi. Tak ya mwisho haikuwa gundi. Daraja lilinyanyuka na ukanda wa mbao ya uso, mrefu kama kidole cha mwisho. Kuurudisha kulinichukua wiki mbili, na mwenyewe alikuwa ameomba kuzibiwa matundu tu.

Kama karatasi yako itazama na daraja kweli limeachia, basi hapo ndipo litoke, kwa joto la taratibu na kisu butu, na lirudishwe kwa gundi nyeupe au ya manjano ya seremala, mbao kwa mbao, vanishi na gundi kuukuu vikiwa vimeondolewa chini yake. Si supagluu, wala gundi ile ya mirija miwili. Libanwe kwa jiliwa siku nzima, na lisivishwe nyuzi kabla ya siku ya tatu. Muulize fundi atalibana vipi kupitia tundu la sauti bila kuvunja vibanzi vya ndani. Akikosa jibu, usimwachie.

Halafu tazama linapotundikwa. Umesema liko ukutani sebuleni. Nyumba ya mabati isiyo na dari, saa nane mchana, ukuta ule unachemka, na gundi kuukuu hulegea kwa joto kabla ya kulegea kwa umri. Lishushe. Likae kwenye begi, mbali na ukuta wa magharibi, na lisiachwe kamwe ndani ya gari lililofungwa juani, hata kwa muda wa ibada moja.

Nitumie namba tatu: kadi ngapi zimeingia kwenye freti ya 12, kila upande, na karatasi imezama milimita ngapi. Mpaka nikujibu, usinunue chochote zaidi ya seti ya nyuzi na shanga sita.